Pampu ya upepo ya kubeba garini: niliyojifunza kati ya Mombasa na Eldoret

Kila likizo ikikaribia, simu yangu hulia. Ni ndugu na marafiki wa Pwani wanaojiandaa kupanda bara, na swali ni lile lile: ninunue pampu gani ya upepo niiweke garini? Huniuliza mimi kwa kuwa nimekaa Eldoret mwaka wa 9 huu, na kila baada ya miezi miwili huteremka Mombasa kuchukua nazi, tende na samaki mkavu, kisha nikapanda tena. Nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Julai ya mwaka juzi nilimchukua mamangu mdogo kutoka Likoni kumpeleka kliniki Eldoret. Miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Tuliondoka Mombasa mchana, na kwenye saa tisa za usiku tulikuwa tumeshapita Mau Summit tukipanda Timboroa. Pale ni juu mno. Reli ya zamani ilivuka mlima huo kwenye zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na baridi inauma. Tairi la nyuma likaanza kuyumba. Nikashuka, nikalikuta limekaa chini. Nikafungua buti nitoe spea, na spea nayo haikuwa na upepo. Sikuwa nimeipima tangu nilinunue gari lile.

Pampu nilikuwa nayo. Niliinunua kwa mchuuzi, ndogo kama tofali, imeandikwa "150 psi" kwa herufi kubwa. Nikaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ikanguruma kama dakika moja, kisha ikanyamaza. Fyuzi ilikuwa imekatika. Mama mdogo alijifunga leso mbili na koti langu, tukangoja mpaka karibu na alfajiri, dereva mmoja wa lori aliposimama. Alikuwa na mpira mrefu unaochomekwa kwenye tangi la upepo wa breki. Kwa dakika mbili spea ikajaa. Tulifika Eldoret saa nne. Zamu ya mama mdogo ilikuwa imepita, akapangiwa wiki iliyofuata. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nimeyasoma mambo haya kwa makini.

Kwanza, jua tairi lako lataka kiasi gani

Kabla ya kununua pampu, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango pana karatasi iliyobandikwa inayoonyesha kipimo cha upepo wa mbele na wa nyuma. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo kipimo huandikwa kwa kPa. Usibabaike: kPa 220 ni kama psi 32, na kPa 240 ni kama psi 35. Ukikuta imeandikwa bar, bar 1 ni psi 14.5. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi usiifuate. Hiyo ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako.

Gari dogo la familia huhitaji kati ya psi 30 na 35. Gari linalobeba mizigo huhitaji zaidi nyuma likiwa limejaa. Lori huhitaji psi 100 na kupita. Kwa hiyo maandishi ya "150 psi" hayana maana kubwa kwa mwenye gari dogo. Karibu kila pampu inaweza kufika psi 35. La kuuliza ni itachukua muda gani kufika, na je, itafika bila kuungua?

Namba ya kuangalia ni lita kwa dakika

Pampu ni kama ndoo ya kuchotea maji kisimani: haikusaidii kujua kamba yake ina nguvu gani ikiwa ndoo yenyewe ni kikombe. Ukubwa wa ndoo hiyo huandikwa kwa lita kwa dakika. Pampu ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara nyingi zina lita 30 hadi 40. Zile kubwa za kubana kwenye betri hufika 70, na zenye silinda mbili huvuka 100. Fahamu kwamba lita hizo hupimwa pampu ikitoa upepo ovyo hewani. Ikianza kusukuma ndani ya tairi lenye psi 25 au 30, hushuka sana.

Tairi la gari dogo lina nafasi ya kama lita 30. Kulitoa psi 20 hadi 32 pampu ndogo nzuri yaweza kwa dakika 3 hivi. Kulijaza kutoka sufuri huchukua dakika 6 na zaidi. Hapo ndipo pampu mbovu hufia, kwa sababu ya joto. Soma kwenye boksi imeandikwa ifanye kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Ikiwa ni dakika 10, basi kujaza matairi manne mfululizo si kazi yake. Mimi sinunui pampu isiyoandikwa muda huo.

Umeme: tundu la sigara, betri ya gari au betri yake yenyewe

Tundu la kuwashia sigara hulindwa na fyuzi, mara nyingi ya ampia 10, 15 au 20. Pampu inayovuta ampia 10 ni wati 120. Ukiichomeka kwenye tundu lenye fyuzi ya 10, imo ukingoni, na ikianza kupambana na tairi fyuzi hukatika. Ndivyo nilivyoadhirika Timboroa. Fungua kisanduku cha fyuzi, soma namba ya tundu lako, kisha ununue pampu inayovuta pungufu ya hapo. Weka fyuzi mbili za akiba ndani ya dashibodi, za namba ile ile. Usitie kubwa zaidi ili isikatike. Itaacha kukatika, ziungue nyaya badala yake.

Pampu ya kubana kwenye betri haina shida hiyo. Huvuta ampia 20 mpaka 40 moja kwa moja, hujaza haraka, na ndiyo ninayoitumia sasa. Ubaya wake ni uzito na kufungua boneti usiku. Hakikisha waya wa umeme na mpira wa upepo kwa pamoja vinafika gurudumu la nyuma. Nenda dukani na urefu wa gari lako kichwani. Injini iache inaunguruma unapojaza, ila si ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake unaua.

Aina ya tatu ni ile yenye betri yake, inayoshikwa mkononi kama tochi. Ni nzuri kwa kuongeza psi 3 au 4 asubuhi, na kwa wenye bodaboda. Lakini betri yake ikiachwa garini juani pale Mombasa, huchakaa upesi. Na siku ukiihitaji utaikuta haina chaji. Anayeichagua aichaji kila kabla ya safari, na aangalie kama inaweza pia kutumia umeme wa gari.

Kwa wenye malori na mabasi: mengi yanatumia betri mbili, volti 24. Pampu ya volti 12 usiichomeke huko, itaungua papo hapo. Na hata usipoiunguza, haitafaa kitu kwa tairi la psi 100.

Eldoret si Mombasa: mwinuko na baridi

Hili ndilo watu wa Pwani hatulijui, maana tumezaliwa ufukweni. Geji haipimi upepo wote ulio ndani ya tairi. Hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa iliyo nje. Mombasa hewa ya nje inakandamiza kwa kama psi 14.7. Eldoret, mita kama 2,100 juu, inakandamiza kwa kama psi 11.4. Tofauti ni psi 3 na kidogo.

Maana yake ni hii. Ukitia psi 32 Mombasa ukafika Eldoret mchana wa jua, geji inaweza kukuonyesha 34. Si kwamba tairi limeongezewa upepo. Alfajiri ya baridi, nyuzi 12, geji itarudi karibu na 32, kwa sababu baridi hupunguza kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Kwa hiyo anayepanda hana hofu kubwa.

Hatari iko kwa anayeteremka. Ukijaza psi 32 Eldoret mchana, ukafika Pwani na kupima asubuhi tairi likiwa limepoa, utakuta kama 29. Na huenda umebeba viazi, maziwa na watoto, umepita Mtito Andei na Voi kwenye lami inayochoma. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja kukaleta joto, na joto likalipasua. Wengi husema tairi limepasuka kwa kujazwa mno, kumbe lilikuwa na upepo mdogo. Ndiyo sababu pampu ni ya safari nzima, si ya siku ya pancha tu: pima Eldoret kabla ya kuondoka, na ukilala njiani pima tena asubuhi, gari lisijaenda popote. Usipunguze upepo wa tairi lililotoka kukimbia, kwani limepanda kwa joto na litashuka likipoa.

Mwinuko huiathiri pampu pia. Hewa ya Eldoret ni nyepesi. Kila pistoni inapovuta, hupata kama asilimia 78 ya kile ingepata Mombasa. Nilijaribu pampu yangu ya zamani kwa tairi lile lile, psi 20 hadi 32. Likoni ilichukua dakika 3 na kidogo, Eldoret karibu dakika 4. Kwa hiyo pampu inayotosha kwa shida kule chini, huku juu haitoshi. Nunua iliyozidi mahitaji yako kidogo.

Mambo madogo yanayoudhi

Geji iliyo kwenye pampu usiiamini mpaka uilinganishe na nyingine. Nunua geji ndogo ya mkononi, upime tairi moja kwa zote mbili. Zikitofautiana kwa psi 2, andika tofauti hiyo kwa kalamu juu ya pampu. Kichwa cha kufunga kwenye valvu kiwe cha kuzungusha na cha shaba. Cha plastiki hupasuka. Ila kile cha kuzungusha kifungue upesi, kinapoteza upepo unapokitoa. Kwetu Pwani chumvi ya hewa hula shaba na vibanio, kwa hiyo ihifadhi pampu kwenye mfuko mkavu. Taa iliyo kwenye pampu si urembo. Nilimulika valvu kwa simu nikiishika kwa meno.

Pampu haifanyi nini

Pampu haizibi tundu. Msumari ukiingia kwenye kikanyagio cha tairi lisilo na tyubu, mara nyingi upepo hutoka polepole. Uache msumari pale pale, jaza, uende kwa fundi wa pancha aliye karibu. Lakini tairi likipasuka ubavuni au likitoka kwenye rimu, usipoteze muda, funga spea. Na spea hiyo uwe umeipima.

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Usichuchumae ukingoni mwa barabara ya malori ukijaza upepo. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa kando ya barabara, zaidi ya watu 50 wakafa. Walikuwa nje ya barabara. Kwenye miteremko ya Timboroa, Mau Summit na Salgaa, tairi likipungua, enda polepole mpaka kwenye kituo cha mafuta au uwanja wazi, hata kama utaliharibu tairi. Tairi hununuliwa. Usipoweza kusonga, weka vibao viwili vya pembetatu mbali nyuma ya gari, na abiria wasimame mbali na lami.

Kwa kifupi, mwenye gari dogo anayesafiri Mombasa na Eldoret atafute pampu ya kubana kwenye betri, lita 70 kwa dakika, muda wa kazi si chini ya dakika 20, mpira unaofika nyuma, geji aliyoilinganisha, na fyuzi za akiba. Anayezunguka mjini tu, ya tundu la sigara inayolingana na fyuzi yake inamtosha. Rahisi huwa ghali, nami nililipa kwa usiku mmoja na wiki moja ya matibabu.

Mama mdogo anaendelea vizuri, na bado huja kliniki. Siku hizi kabla hajakaa kitini hunyanyua buibui, akazunguka nyuma ya gari akaniuliza, "Mwanangu, spea umeipima?" Hangoji jibu. Hunyoosha mkono nimpe geji.