Wati za Kweli

Wanaokusanya risiva za stereo za miaka ya 1970 husifu kasha la mbao na taa za buluu za Marantz. Pambo hilo si haba, lakini kilichozifanya zidumu zaidi ni sheria. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwabana watengenezaji waliojigamba kwa wati za kilele, wati za kufumba na kufumbua. Nguvu sasa ilipaswa kutajwa kwa kila chaneli, tena ya mfululizo, baada ya mtambo kupashwa moto saa nzima kwa theluthi ya nguvu hiyo. Mashindano yakahamia kwenye chuma: transfoma kubwa, kapasita nene, mapezi mapana ya kupozea. Pioneer SX-1250 ya 1976 ilitoa wati 160 kwa chaneli. SX-1980 ya 1978 ilifika 270, na kuinyanyua kunataka watu wawili.

Atakayepinga atasema risiva nzito zilikuwepo kabla ya 1974, na kwamba hizi nazo huharibika. Yote ni kweli. Sheria haikuanzisha mashindano, iliyanyima tu njia ya mkato. Kapasita za elektroliti hukauka, swichi hushika kutu, balbu za nyuma ya piga huungua. Lakini fundi akifungua skrubu huikuta kila transista imesimama peke yake, huipima, huing'oa, hulehemu mbadala. Risiva nyingi za miaka ya 1980 zilifungia hatua nzima ya nguvu ndani ya kipande kimoja. Kikifa, na kiwanda kimeacha kukitengeneza, fundi hana pa kushika.