Utii wa Wavuvi wa Pwani

Sheria ya uvuvi huandikwa mjini, lakini hutiiwa au huvunjwa mahali pasipo na askari. Juu ya fungu la matumbawe, wakati wa alfajiri, mvuvi hana shahidi ila wenzake wa chomboni. Kwa sababu hiyo, jambo la kuulizwa si kwa nini baadhi ya wavuvi huasi, bali kwa nini walio wengi hutii. Historia ya pwani ya Dar es Salaam na jirani zake yaweza kutoa jawabu.

Kabla ya sheria ya maandishi wavuvi hawakuishi bila amri. Wageni waliokwenda dago, yaani waliohama kwa msimu na kupiga kambi katika pwani ya watu wengine, walipaswa kubisha hodi kwa wazee wa mahali, na huko Unguja kwa bwana diko. Palikuwa na sehemu zilizoachwa kwa heshima ya mizimu, na siku zilizoachwa kwa ajili ya sala. Desturi hizo hazikutungwa kwa nia ya kuhifadhi samaki. Hata hivyo zilimfunza mvuvi jambo moja kubwa, ya kuwa bahari ina wenyewe, na aingiaye sharti aulizwe. Aibu mbele ya wenzake wa diko ilikuwa adhabu ya karibu, wala haikuhitaji mahakama.

Katika miaka ya 1960 baruti ilianza kutumika kuvulia samaki, nao mji wa Dar es Salaam ukazidi kukua na kutaka kitoweo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka wa 1970 ikaharamisha baruti. Katika mwaka wa 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa na mafungu yaliyo karibu na Kunduchi na Msasani, vilifanywa hifadhi. Lakini kwa miaka mingi hifadhi hizo zilikuwa za jina zaidi kuliko za ulinzi. Mamlaka ya bahari yalikwisha toka kwa wazee wa diko yakaenda ofisini, na ofisi haikuwa na macho baharini.

Matokeo yake yalikuja kupimwa. Katika Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania wakinasa sauti chini ya maji kwa muda wa saa 231. Milipuko 318 ilithibitishwa, na karibu asilimia 62 ilitokea katika eneo lisilozidi kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Basi mji uliokuwa na wizara, polisi na mahakama ndio uliozungukwa na baruti nyingi kuliko pengine pote. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua.

Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker alieleza uhalifu kama hesabu: mtu hupima faida, uwezekano wa kukamatwa, na uzito wa adhabu. Kwa hesabu hiyo kila mvuvi wa Kunduchi au Kigamboni angalitupa baruti, maana faida ilikuwa ya papo hapo na kukamatwa kulikuwa kwa nadra. Haikuwa hivyo. Walio wengi waliendelea na mishipi, madema na nyavu. Tom Tyler, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kilichotokana na mahojiano ya watu 1,575 wa Chicago, alionyesha ya kuwa watu hutii zaidi wakiona mwenye amri ana haki ya kuamuru na huwatendea kwa haki.

Tanga palitoa mfano ulio karibu zaidi. Tangu mwaka 1994 vijiji vya pwani, kwa msaada wa serikali ya Ireland, vilishirikishwa katika kupanga mafungu ya kufungwa na kushika doria. Milipuko ikapungua sana. Lakini baada ya mwaka 2003 hivi, ulinzi ulipolegea, baruti ilirudi. Je, ridhaa ya wanakijiji ilikuwa ya bure? La. Wenye kuridhia hawakuweza peke yao kuwazuia wenye baruti, na samaki waliowaachia wakue walichukuliwa na wengine mbele ya macho yao.

Hapo ndipo nguvu ya dola ipatapo kazi yake ya kweli. Msako wa pamoja wa vyombo vya serikali tangu mwaka 2016 hivi ulipunguza baruti mno, jambo ambalo mawaidha peke yake hayakuliweza. Adhabu haikuwa ya kumtisha mwovu tu. Ilimhakikishia mtiifu ya kuwa hatafanywa mjinga kwa utii wake. Lakini nguvu nayo ina mipaka. Katika Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia katika mkahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki kwa rula, na wabunge wakalalamika. Ikiwa watunga sheria wenyewe waliudhika kwa namna ilivyotekelezwa, haishangazi mvuvi kuudhika.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Methali hii ni onyo kwa watawala kuliko udhuru kwa waasi, kwa kuwa mvuvi aambiwaye aache samaki wa leo hukopesha kesho chakula cha watoto wake. Atakopesha akijua ya kuwa aliulizwa, na ya kuwa jirani yake hatalivuna deni hilo usiku. Hata mkazi wa Kibamba, aliye mbali na bahari kando ya barabara ya Morogoro, anahusika katika mkopo huo. Anunuapo samaki aliyetoka soko la Feri bila kuuliza alivyovuliwa, humlipa mtiifu na mwasi bei moja.