Sauti za Njia ya Misafara: Kupandisha Rekodi za Kale za Unyamwezi bila Kuzipotosha

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora. Hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea Ujiji, jingine likaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara wenye uhusiano wa miaka mingi na pwani. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walitembea kwa miezi, wakiongozwa na kirangozi, na waliimba njiani. Kwa miguu yao Kiswahili kiliingia bara kabla ya kuwapo shule au ofisi ya mkoloni.

Wasafiri wa Ulaya waliandika habari nyingi za nyimbo hizo, lakini kalamu haihifadhi lafudhi, toni wala mwitikio wa kundi. Fonografu ya Edison ilibuniwa mwaka 1877, na Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin ikaanzishwa mwaka 1900. Mwaka 1906, Karl Weule alipofanya utafiti kusini mwa koloni la Kijerumani, alisafiri na wapagazi Wanyamwezi, naye alikuwa na fonografu. Mwaka 1909, Erich von Hornbostel alichapisha katika jarida la Anthropos uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafifia. Kwa hiyo mashine ya kunasa sauti iliwakuta wapagazi katika miaka ya mwisho ya kazi yao.

Silinda ya nta ya wakati huo ilinasa dakika chache tu, wala haikutumia umeme. Nguvu ya sauti yenyewe, ikipita katika pembe, ndiyo iliyosukuma sindano ichore mfuo. Mwimbaji aliyesimama karibu na pembe husikika. Waitikiaji waliokuwa nyuma yake husikika kwa mbali, na juu ya wote kuna mkwaruzo wa nta. Anayeisikiliza rekodi ya namna hii katika kompyuta hutamani kwanza kuipandisha. Tamaa hiyo ni halali, ila njia yake ina masharti, na asiyeyajua huharibu ushahidi.

Sharti la kwanza latokana na hesabu. Sauti iliyoingizwa katika kompyuta ni mfululizo wa tarakimu, na tarakimu hizo zina kikomo. Katika vipimo vya desibeli kikomo hicho huitwa sifuri, na viwango vyote vilivyo chini yake huandikwa kwa hasi. Ikiwa kilele cha juu kabisa cha rekodi kiko kwenye hasi 18, rekodi yaweza kupandishwa kwa desibeli 17 na kubakiza nafasi ya desibeli moja. Kila desibeli sita huzidisha kimo cha wimbi takribani mara mbili. Hivyo desibeli 18 ni takribani mara nane. Akipandisha kwa desibeli 25, vilele vitagonga dari na kukatwa. Wimbi lililokuwa la mviringo huwa bapa, na ubapa huo huzalisha mawimbi ya ziada ambayo hayakutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Kwa msikilizaji wa kawaida huo ni mkwaruzo tu. Kwa mwanaisimu ni hasara kubwa zaidi. Kinyamwezi, kama Clement Maganga na Thilo Schadeberg walivyokieleza katika kitabu chao cha mwaka 1992, ni lugha ya toni yenye irabu saba, mbili zaidi ya zile za Kiswahili. Irabu zinazokaribiana hutofautishwa na sikio kwa jinsi nguvu inavyogawanyika katika mawimbi ya juu ya sauti. Mawimbi ya uongo yakiingia humo, mtafiti aweza kuandika irabu ambayo mpagazi hakuitamka.

Programu za kuhariri sauti, kama vile Audacity iliyotolewa mwaka 2000 na kugawiwa bure, zinawezesha kazi hii kufanywa hata Tabora kwenyewe. Utaratibu wake si mgumu. Kwanza, rekodi hunakiliwa kwa biti 24, vilele vikiachwa chini ya kikomo. Pili, mstari wa kati wa wimbi husawazishwa, kwa maana wimbi lililoegemea upande mmoja hufika kwenye dari mapema. Tatu, milio ya ghafla ya ufa na vumbi huondolewa mmoja mmoja. Hatua hii husahauliwa mno, ilhali mlio mmoja wa ufa waweza kuwa ndio kilele cha rekodi nzima na kuzuia sauti ya mtu isipande. Baada ya hapo ndipo rekodi yote hupandishwa hadi hasi moja. Waitikiaji wakiwa bado hafifu, sehemu yao hupandishwa peke yake kwa mkono, kidogo kidogo.

Hata hivyo, kupandisha hakuongezi habari. Mvumo wa nta hupanda kwa kiasi kile kile inachopanda sauti ya mwimbaji, na uwiano wao haubadiliki. Vichujio vya kuondoa mvumo navyo, vikitumiwa kwa pupa, hufuta konsonanti kama s na f, kwa kuwa zimefanana na mvumo huo. Vilele vilivyokwisha kukatwa navyo havirudi kwa kushusha sauti.

Ndiyo maana nakala ya kwanza haiguswi. Kila badiliko hufanywa katika faili jingine, na desibeli zilizoongezwa huandikwa pamoja nalo. Makusanyo ya Berlin, yaliyoingizwa mwaka 1999 katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, yana hifadhi ya kuyalinda. Hatari iko zaidi kwenye kanda za wazee wa Unyamwezi zilizorekodiwa na watafiti na jamaa zao katika miongo iliyofuata, ambazo nyingine zina nakala moja tu. Kanda ya namna hiyo ikipandishwa vibaya na ya asili ikafutwa, mzee aliyezungumza hawezi kuulizwa tena. Heri sauti hafifu iliyo ya kweli, ambayo kizazi kijacho kitaipandisha kwa ujuzi bora, kuliko sauti kubwa isiyokuwa yake.