Mkono, Moyo na Roho: Maneno ya Mwili katika Historia ya Katanga

Mgeni anayeanza kujifunza lugha huanza na mwili wake. Hugusa kichwa, akauliza jina lake; huonyesha jicho, sikio na mkono. Kazi hiyo ni nyepesi, maana Mungu aliwapa watu wote viungo vile vile. Shida huja baadaye, lugha inapovitumia viungo hivyo kwa mambo yasiyoonekana. Hapo kidole hakiwezi kuonyesha tena.

Tuchukue mfano wa Kihispania. Mkono huitwa mano, ulimi lengua, kiwiko codo. Maneno hayo hujulikana kwa asubuhi moja. Lakini Wahispania wakisema ya kuwa fulani anaongea kwa viwiko, maana yake ni mtu wa maneno mengi mno. Na asiye na nywele ulimini ni mtu asemaye kweli bila kuficha. Mhispania naye akija kwetu atashangaa kusikia ya kuwa bahili ana mkono wa birika, ya kuwa mtu aliyetoa pasipo kupenda ametoa shingo upande, na ya kuwa jicho likifanywa dogo, yaani kijicho, limekuwa wivu.

Wamisionari walikutana na shida hiyo mapema katika nchi yetu. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1910 Wabenediktini wa Mtakatifu Andrea wa Bruges walikuja Katanga ya kusini, mkuu wao akiwa Jean-Félix de Hemptinne, na mwaka 1911 Wasalesiani wakawafuata. Mwaka huo wa 1910 ndipo ulipoanza mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi.

Lakini mapadre hawakuwa wageni peke yao waliojifunza. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Urundi. Kifaransa huwaita wafanyakazi main-d'œuvre, yaani mkono wa kazi. Basi, mikono ilitafutwa, ikahesabiwa, ikapelekwa migodini. Mtaalamu Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili cha Katanga, alionyesha jinsi vitabu vingi vidogo vya maneno vya siku hizo vilivyotungwa kwa ajili ya kuamrisha. Lete, chukua, fanya upesi! Anayejifunza lugha kwa njia hiyo ataujua mkono wa mwenzake, asiujue moyo wake.

Walakini mkono hauji peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni yenyewe, baada ya vifo vingi na shida ya kupata watu, ilianza kuwataka wafanyakazi wakae muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Mikono ile ilikuwa na matumbo ya kulishwa, na mioyo yenye kupenda na kuomboleza.

Tukifika kwenye moyo, tumefika penye kina. Kwa Kilatini moyo ni cor, na humo limetoka neno misericordia, huruma: moyo uliofungukia maskini. Hata kukumbuka kwa Kihispania, recordar, kumetoka katika moyo. Watu wa pwani husema moyo. Wabemba husema umutima. Hapa Lubumbashi wengi husema roho pale ambapo mtu wa pwani angesema moyo: mwenye chuki ana roho mubaya. Tena neno roho lilitoka katika Kiarabu, na Kiswahili kimelipa hata maana ya koo. Ndiyo sababu anayenyongwa amekabwa roho. Jambo la ajabu ni kwamba Kiebrania cha kale kina neno kama hilo: nefesh ni koo, tena ni nafsi, kwa sababu uhai hupita kooni pamoja na pumzi.

Basi katekista ana kazi. Akifundisha juu ya Roho Mtakatifu na juu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, hawezi kuacha mtoto adhani ni kitu kimoja. Roho Mtakatifu ni Nafsi ya tatu ya Mungu. Moyo wa Yesu ni moyo wa mtu kweli, uliochomwa mkuki, nao ni alama ya mapendo yake. Papa Pius XII alieleza jambo hilo kwa urefu mwaka 1956 katika barua yake Haurietis aquas. Sala nzima yaweza kupotoka kwa neno moja lisiloelezwa.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba viungo ni vingi na mwili ni mmoja, wala jicho haliwezi kuukataa mkono. Mji wetu ulijengwa na watu walioitwa mikono. Tunapowasalimu wageni wanaokuja leo kutafuta kazi, tusiishie kuuliza mikono yao inaweza nini. Tuulize pia moyo wao unasema nini, nasi tuwe na subira ya kujifunza lugha yake.