Kiuno Huanzia Unyayoni

Atazamaye rumba hudhani kiuno ndicho kichezacho. Mwalimu stadi hukana. Mwanafunzi hutia hatua, huhamishia uzito wake juu ya mguu mmoja na kuunyoosha, goti la pili likikunjika. Nyonga hufuata yenyewe. Aitikisaye kwa nguvu hupoteza mizani.

Fundisho hilo lina nasaba ndefu. Mwaka 1947 Monsieur Pierre, mwalimu wa dansi wa London, alikwenda Havana akafunzwa na Pepe Rivera, kisha akaipanga rumba kwa mashindano ya Ulaya. Lakini Cuba nayo ilirithi mengi kutoka kwa watumwa, miongoni mwao Wakongo. Tangu 1933 santuri za GV ziliurudisha muziki huo Afrika. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikaufanya wake, nao ukaenea hadi kandokando ya Ziwa Viktoria.

Huko, katika nchi ya Buseresere, baina ya Geita na Chato, mwili haukuwa mgeni wa somo. Wasukuma hucheza bugobogobo kwa majembe mkononi. Pwani, kungwi humfunza mwali kukata kiuno kwa ngoma ya msondo. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa mmoja wa walimu hao.

Pierre anakumbukwa kwa sababu London iliandika. Makungwi na wakulima hawakuandikiwa. Elimu yao ingali hai miguuni mwa wanafunzi. Majina yao ndiyo yaliyotangulia kupotea.