Unachagua kozi ya chuo kikuu? Usiangalie pointi peke yake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wengi hukimbilia kujumlisha pointi. Kabla hujalipa ada ya maombi, cheki mambo haya.

Kigezo cha jumla: Kwa waliohitimu Tanzania kuanzia 2016, TCU inataka angalau pointi 4 kutoka masomo mawili. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1.

Kigezo cha kozi: Pointi hizo zitoke kwenye masomo yanayotakiwa na kozi yenyewe. Mfano, mwanafunzi wa PCB ana C ya Baiolojia, D ya Kemia na S ya Fizikia. Pointi 5 anazo, ila udaktari unataka afaulu yote matatu, na S haihesabiki. Akiomba, ada imekwenda bure.

Afanye nini? Afungue mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU, atafute kozi zinazotaka Baiolojia na Kemia, kisha ajiulize kama kazi zake anaziweza. Ndoto ya udaktari ya nyumbani haibadilishi S kuwa E.