Ukuta Usiokwisha Kujengwa

Anayejenga nyumba Kegonga leo hupiga hesabu zake mara moja. Kuna matofali ya kuchoma, mbao, mabati, na saruji inayopandishwa kwa lori hadi Kuria Mashariki. Fundi akishalipwa na mwenye nyumba akishapokea funguo, hesabu imefungwa. Tumezoea mno kulichukulia jengo kuwa kazi yenye siku ya mwisho, hata tunasahau kwamba katika kaunti hii hii ya Migori watu walijenga kwa karne kadhaa wakifikiri vingine. Ushahidi wao umesimama upande wa pili wa kaunti, huko Nyatike, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Hoja yangu ni kwamba kuta zile ni kazi ya uhandisi kamili, na kwamba sehemu kubwa ya uhandisi huo ilikuwa katika utaratibu wa kuyarudisha mawe mahali pake, siku baada ya siku, kizazi baada ya kizazi.

Thimlich Ohinga ina maboma makubwa manne ya mawe: Kochieng', Kakuku, Koketch na Kolouch. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wake kwa wastani ni mita 1, na hakuna udongo wala chokaa iliyoshikanisha jiwe na jiwe. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yalitwaliwa palepale yakiwa na maumbo yake ya asili, na hapo ndipo penye ugumu wa kazi: jiwe lililochongwa hukubali kukaa popote, bali lisilochongwa lina mahali pake, na mwashi hana budi kulitafutia. Wajenzi walipandisha uso wa nje na uso wa ndani, kisha katikati wakapanga mawe ya kuzifunga nyuso hizo mbili ziwe kitu kimoja, na mianya wakaipachika vipande vidogo. Palipohitaji nguvu zaidi waliongeza nguzo za mawe za kuuegemeza ukuta. Milango ilikuwa midogo, imebebwa na mawe marefu yaliyolazwa juu, ili anayeingia ainame. Ukuta wenyewe huzunguka na kupinda, na ukuta unaopinda husimama imara kuliko ulionyooka kama kamba.

Wako watakaosema kwamba wajenzi hawa hawakutumia chokaa kwa sababu tu hawakuwa nayo, na kwamba tusiite hekima kile kilichokuwa ukosefu. Pingamizi hili lina uzito. Waliojenga Gede na miji mingine ya pwani walikuwa na matumbawe ya kuchoma, wakapata chokaa kwa wingi; ndani ya bara hili la ziwa mambo yalikuwa tofauti. Lakini uhandisi haupimwi kwa vifaa ambavyo mtu hakuwa navyo. Unapimwa kwa jinsi alivyokielewa kile alichokuwa nacho. Ukuta usio na chokaa huyapitisha maji ya mvua kati ya mawe, hivyo maji hayapati pa kutuama na kuusukuma. Ardhi ikisogea, mawe nayo husogea kidogo na kutulia upya, mahali ambapo ukuta wa saruji ungepasuka. Na sehemu ikianguka, malighafi ya kuitengeneza iko palepale chini, haihitaji kununuliwa wala kuchomwa. Gharama yake ni moja, nayo ni kubwa: ukuta wa namna hii unadai macho ya watu kila wakati. Mzizi wa mti ukipenya, au mnyama akiyalegeza mawe kwa kupitapita, jiwe moja litatoka, na likitoka lile, lililo juu yake limepoteza kitako.

Historia ya mahali penyewe inaunga mkono jambo hili. Maboma haya yanahesabiwa kuanza karne ya 16, na yaliendelea kukaliwa, kwa vipindi na kwa watu tofauti, hadi katikati ya karne ya 20. Masimulizi yanataja jamii za Kibantu kwanza, kisha Waluo. Waliofika baadaye walizikuta kuta, wakazitengeneza, wakabadilisha walichotaka, wakaishi humo. Baada ya wakazi wa mwisho kuondoka, miti na mvua vilibaki bila mpinzani, na kufikia mwaka 2000 Thimlich ilikuwa imewekwa na Mfuko wa Minara ya Kumbukumbu Duniani katika orodha ya mahali palipo hatarini. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliongoza kazi za kuziokoa, na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliitangaza Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia. Mtu anaweza kunijibu kwamba, licha ya kuachwa, kuta bado zipo. Zipo, ndiyo, na hilo ni sifa kwa walioziinua. Ila zilizosimama vizuri zaidi leo zimesimama kwa sababu mikono ya watu imerudi.

Je, kazi hiyo iliendeshwaje? Hapa hatuna daftari la msimamizi, na aliye makini atauliza kama tunaruhusiwa kusema lolote. Tunaruhusiwa kusema kile mawe yanachobeba. Ndani ya maboma kuna mashimo ya misingi ya nyumba, mazizi ya ng'ombe, na viambaza vinavyogawa makazi; mahali hapo pana pia athari za uyeyushaji wa chuma. Hakuna jumba la mfalme. Familia nyingi ziliishi nyuma ya ukuta mmoja uliolinda mifugo ya wote, na ukuta wa wote haungeweza kutunzwa kwa hiari ya mmoja. Naona ni halali kuhitimisha kwamba zamu na wajibu wa matengenezo vilikuwa sehemu ya maisha ya humo, kama ulinzi wa usiku ulivyokuwa.

Kuna pingamizi jingine, la karibu zaidi na Kegonga: kwamba haya ni ya Nyatike, nayo nchi ya Wanyabasi, ukoo wa Wakuria wa Kegonga, haina deni nayo. Lakini utafiti wa kiakiolojia umehesabu majengo 521 ya mawe katika mahali 139 kusini-magharibi mwa Kenya, na ujuzi ulioshikwa na Wabantu kisha Waluo ni ujuzi uliovuka lugha na koo muda mrefu kabla ya mipaka ya wilaya kuchorwa. Kuugawa leo kwa kabila ni kuukata mahali ambapo wenyewe hawakuukata.

Na hili si suala la kumbukumbu tu. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto, wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limekwisha kuonekana kuwa halifai, na amri ya kulibomoa ilikuwa imetolewa. Watu waliendelea kulala humo. Halmashauri ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ilikuwapo. Macho yalikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kutenda baada ya kuona. Ndani ya Kochieng' aliyeona jiwe limelegea alikuwa analala nyuma ya jiwe hilo. Miji yetu imempa mmoja jukumu la kukagua, mwingine kodi, na wa tatu hatari, nao hawakutani. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kuchanganya zege na kusoma ramani ya fundi; kozi ya kukagua na kutengeneza jengo lililokwisha kukaliwa ingestahili kuanzia Thimlich, pamoja na mafundi wa makumbusho ambao sasa wanajua, kwa mikono yao, jiwe gani litolewe kwanza na lipi liachwe.